Pingamizi la Chaki ya Bluu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeshindwa kwa kura moja. Moja! Uenyekiti wa ushirika wetu wa mafundi cherehani: Mama Kola 20, mimi 19, zilizoharibika nne. Mama Kola ni fundi wa mashati, hodari, na mpole mno kwa mtu aliyenipora. Cheo chenyewe sikitaki sana. Nataka meza ya dirishani, maana ndiko anakokaa mwenyekiti. Miaka kumi na moja niko kona ya stoo, na siku hizi kutia uzi kwenye sindano kunanichukua muda wa kushona shati zima. Naogopa macho yangu. Hilo sijamwambia mtu. Mama watoto kasema nimpe mwenzangu mkono, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mshindi. Nimeandika pingamizi. Kurasa saba.

Jumanne, 5 Machi
Nimeziona zile nne. Karani kaniruhusu. Ni mstaafu wa mahakama, tulimwomba atusimamie uchaguzi, na havui tai hata kwenye joto. Karatasi nyeupe pe! Hazina alama. Moyo ukanipasuka: hizo ni zangu. Kabla ya kura niliwagawia watu wangu wanne, wale wenye ndimi mbili, chaki ya fundi ya bluu watilie alama, ili wakati wa kuhesabu nijue nani kaniuza. Hakuna aliyeniuza. Chaki ndiyo iliyoniuza! Kazi yetu yote ni kuchora kwa kitu kinachopanguswa, nami nikasahau. Mkebe ulitikiswa, karatasi zikasuguana, kwisha.

Jumatano, 6 Machi
Kesi imesikilizwa kwenye meza ya kukatia. Nimesema nia ya mpiga kura iheshimiwe, hata alama ikififia. Karani kainua karatasi dirishani. Vumbi la bluu, mbele ya jina langu! Ya pili vilevile. Zote nne! 23 kwa 20. Nilishaanza kuwaza kiti changu kielekee wapi. Karani akauliza mbona zote bluu. Nikasema fundi gani hana chaki. Akaomba kila mtu atoe yake. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kisha shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akatoa ya bluu, na kwa moyo wa kusaidia akaeleza kwamba ni mimi, shemeji yake, niliyewagawia. Karani akasoma kanuni: alama iliyowekwa ili mpiga kura ajulikane inaharibu kura. Zimebaki zilivyokuwa. Ningenyamaza hapo. Nimedai zote zihesabiwe upya.

Alhamisi, 7 Machi
Karani alinisihi niache. Nikasema haki haiogopi hesabu. Za Mama Kola: 20, safi. Katika zangu, moja Karani akaipeleka kwenye mwanga mara mbili. Kalamu juu, bluu chini. Ilikuwa yangu mwenyewe! Nilichora kwa chaki kuwaonyesha mfano, kisha sikuiamini, nikapitisha kalamu juu yake. Sasa ni 20 kwa 18. Mama watoto kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikula.

Ijumaa, 8 Machi
Mama Kola kaja kwenye kona yangu. Kanikuta nikijaribu kutia uzi mara ya sita. Kachukua sindano, katia, kaniuliza taratibu kama ni macho. Nikasema ni taa. Hakubishana. Kasema kola anazishona kwa kupapasa na vidole, dirisha la nini; angejua mapema angehakikisha napewa bila kura wala kurasa saba. Kabla ya saa sita cherehani yangu ilikuwa imehamishwa. Nimeona aibu. Nimefurahi pia, mpaka nikajifanya napiga chafya.

Jumamosi, 9 Machi
Mwanga mtamu! Uzi umeingia mara ya kwanza. Nimemshukuru Mama Kola kwa dhati, na mama watoto kasema sasa nitulie. Nimetulia. Kwa mwanga huu nimeweza kusoma hata maandishi madogo ya kanuni ukutani: uchaguzi wa katibu ni baada ya wiki mbili. Katibu ana kabati lenye kufuli. Sina cha kuweka humo, lakini kabati ni kabati. Safari hii hakuna chaki. Kila mtu wangu atapitisha mshono mmoja kwenye pembe ya karatasi yake. Uzi haupanguswi. Nimeshawakatia vipande vinne, vya bluu.