Nimeibiwa Mvuke

Jumatatu, 3 Juni

Ijumaa ni maonyesho ya sayansi ya darasa la nne! Mshindi ni mmoja tu, ndiye atakayeiwakilisha shule wilayani. Atakuwa binti yangu, Profesa. Nani mwingine? Akili kachukua kwangu. Ataeleza hali za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Binti wa jirani, fundi cherehani, ana mada ileile. Wametuiga tu hao.

Jumatano, 5 Juni

Profesa alitaka vipande vitatu vya barafu kwenye glasi. Nikamwambia mwanangu, usinitie aibu. Nimegandisha beseni zima kwenye friji la muuza samaki! Inanuka samaki kidogo. Haidhuru.

Alhamisi, 6 Juni

Mvuke nao tayari! Nimeuingiza kwenye chupa kutoka mdomo wa birika, nikakaza kifuniko kwa meno. Profesa akasema mama, utapoa, utarudi kuwa maji. Nikamuuliza, nimeufungia, utarudi kupitia wapi? Halafu eti barafu tuifunge kwa blanketi. Blanketi, kitu cha kumtia mtu joto! Nilicheka mpaka baba yake akaja kuuliza kuna nini.

Ijumaa, 7 Juni

Jamani!

Nilibeba beseni kichwani, wazi, barafu ipigwe na upepo. Jua likanikamata njiani. Maji mgongoni, maji viatuni! Kufika, barafu imebaki kama kipande cha sabuni. Fundi cherehani akafungua furushi lake la blanketi kuukuu. Barafu yake nzima kama tofali! Akaniuliza, shoga, kwenu bafu limeharibika?

Nikatoa chupa. Mvuke hakuna! Matone ya maji tu! Nikapiga yowe: mwizi, kaniibia mvuke, kaniwekea maji! Mwalimu mkuu akaniomba, kwa adabu, nikakae nje.

Nikachungulia dirishani. Nimemharibia mwanangu? Profesa hakulia. Aliinua chupa akawaambia, mvuke ukipoa hugeuka maji, ndiyo maana mama yangu anadhani kaibiwa. Ukumbi mzima kicheko. Akasema barafu ikipata joto huyeyuka, na asiyeamini alitazame gauni la mama pale dirishani. Wakageuka wote. Nikawapungia mkono.

Wa kwanza! Profesa wangu wa kwanza! Nililia mpaka gauni likalowa upya.

Jumatatu, 10 Juni

Mwalimu mkuu katuandikia wazazi: kazi za wanafunzi tuwaachie wanafunzi. Barua nzuri sana. Nimemsomea fundi cherehani kwa sauti, maana inamhusu yeye. Akacheka mpaka akashika ukuta. Aibu hiyo, maskini.

Profesa kaniomba wilayani niende kama mtazamaji tu. Nimekubali. Nitatazama, tena kwa makini, maana kule watu ni wengi na siwajui. Nimeshapata chupa mpya ya mvuke. Hii ina kufuli.