Chemchemi ya Tajiri

Kipaza alifika kijiweni, kwenye benchi la mbele ya banda la fundi baiskeli, simu kaiinua juu kama aliyeshinda kombe.

"Jamani, habari ya leo! Tajiri mwenye bwawa lile kule juu anazindua chemchemi Jumamosi. Maji bure kwa watu wote wa bondeni!"

"Chemchemi?" Sindano, fundi cherehani, akaweka kikombe chini. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya tuta la bwawa hilo. Akikohoa, tuta linasikia. "Lile ni tuta la udongo, na linavuja! Tangu baba yake Tajiri afe halijaguswa na koleo. Miti imeota juu, panya buku wamelitoboa, yeye kachomeka bomba panapovuja na koki juu yake. Sasa anakata utepe!"

"Ndiyo akili ya pesa hiyo," akasema Hakimu, mwenye banda, huku akiminya tyubu ndani ya karai la maji. "Wewe paa likivuja unakinga sufuria. Mwenzio anaandika jina lake."

Wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Tuta lilipopasuka mwaka ule, baba yake alisema ni mapenzi ya Mungu. Tukamjengea upya kwa majembe yetu, kwa ahadi ya maji. Nani aliyaona? Leo tunagawiwa yanayotoroka, halafu tupige makofi!"

"Wivu huo, Sindano," akadakia Kipaza. "Kamwambie mwenyewe."

"Nilikwenda jana. Nikamwambia, bosi, ziba. Akanishika bega: 'Ndugu yangu, mimi niko tayari, ila siwezi kuwanyima wananchi maji. Wakikubali wao, naziba.'"

"Kumbe muungwana!" Kipaza akasimama. "Haya, kura hapahapa. Wanaotaka pazibwe?"

Mkono wa Sindano ukasimama peke yake kama mlingoti usio na bendera.

"Wasiotaka?"

Kipaza akanyoosha. Hakimu akanyoosha, mkono ukichuruzika maji. Nyuma yao ukainuka wa tatu: mke wa Sindano, ndoo kichwani.

"Mama watoto, hata wewe?"

"Baba watoto, miaka yote napanda kilima kuchota maji, hukuliona tuta. Leo yamefika mlangoni ndiyo umeingiwa na uchungu?"

Sindano akamtua ndoo, akachungulia ndani.

"Mbona mekundu?"

"Yameanza asubuhi hii. Ukiyaacha yatulie, udongo unashuka chini."

"Na huo udongo unatoka wapi, mke wangu?"

Shingo zote zikageuka kutazama juu, tutani.

"Twende tukawatoe watoto," Sindano akasema. "Tukalale mlimani kwa kaka yako."

Hawajafika mbali, Kipaza, ambaye nyumba yake ni ya pili kutoka tutani, akawafukuzia mbio, kandambili mkononi.

"Shemeji! Huko kwa kaka yako hakukosi kona? Nakuja na godoro tu. Ila kura yangu msiibadilishe, sitaki ugomvi na Tajiri!"