Mkilifi, Mjomba na Mrija

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata kazi ya kisayansi. Dada Caroline, mtafiti kutoka Nairobi, anakusanya majani hapa Msambweni, nami namchukulia gunia. Leo kaniambia kwamba dawa iliyochujwa kwenye majani ya mkilifi, yaani mwarobaini, imeua seli za saratani ya kibofu, ndani ya kisahani cha maabara. Nikamuuliza, kwa hiyo inaponya? Akasema la, kisahani si mtu, hata sabuni ya kufulia huziua zikiwa kisahanini. Akaendelea kueleza. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza pale kwenye kuua.

Maana Mjomba Abdulrahim anakojoa damu. Yeye anasema ni kichocho cha utotoni kimemkumbuka. Enzi zao waliogelea mtoni, na mvulana asiyekojoa nyekundu hakuhesabiwa mwanamume. Binti yake, Mwanarusi, anataka aende hospitali. Haendi. Daktari wa mambo hayo pale ni Hasina, mke wa mwanawe. Mkwe ambaye humwekea maji ya kunawa mlangoni akarudi nyuma bila kumtazama usoni, ndiye amvulie kikoi? Mjomba kasema afadhali afe.

Afe vipi, nami nipo?

Jumanne, 5 Agosti

Nimechemsha mkilifi katika sufuria ya Mwanarusi ya wali wa nazi. Nikamwambia Mjomba kwamba wanasayansi wa Nairobi na mimi tumethibitisha. Kanywa. Kasema uchungu umemfika kwenye kucha za miguu. Nikamwambia ndiyo dawa hiyo, inakitafuta kibofu.

Mwanarusi kaniuliza tangu lini mtu aliyeshindwa sayansi ya darasa la saba akawa profesa. Wivu. Wali ulikuwa mchungu pia, na lawama nikatupiwa mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkojo mweupe! Mjomba kanikumbatia. Nikaenda kutangaza msikitini baada ya adhuhuri, ila imamu alininyima kipaza sauti.

Habari zikamfikia Caroline, akaja amekasirika. Kasema damu ya uvimbe wa kibofu ndivyo ilivyo, huja, hukoma, kisha hurudi, na ikikoma ndipo watu hujidanganya wakachelewa. Mjomba kamjibu kwa adabu zake zote: ahsante mwanangu, Mungu akubariki, mimi nimeshapona.

Mwanarusi kalia jikoni. Nimemwambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Imerudi. Nyekundu, tena ina mabonge. Mjomba alikaa kitandani ameshika chini ya kitovu, uso umemwiva kama mgeni aliyeunguzwa na jua la Diani. Nikaogopa. Kidogo tu. Mwanarusi kanisogelea akaniambia polepole, "Tofiki, baba'angu akifa, nitakuchemsha wewe."

Nikapata akili nyingine. Kinachomtia Mjomba haya ni kuonekana yeye. Mkojo unaweza kwenda peke yake. Jumatatu naupeleka kwa Hasina kwa jina langu. Mjomba kasema katika ukoo mzima ndimi mwenye ubongo. Nimemwomba arudie mbele ya Mwanarusi.

Jumatatu, 11 Agosti

Hasina kapima, uso ukambadilika. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, pole. Hiki si kichocho tu. Lazima tutazame ndani, leo hii." Nikauliza mnatazamaje. Akanionyesha mrija wenye taa. Nikauliza unaingilia wapi.

Akaniambia.

Nilifika langoni kabla ya kujua kama nimesimama. Askari akanishika akanirudisha, akidhani nimechanganyikiwa. Nikapaza sauti, ukumbi mzima wa wagonjwa ukasikia: si wangu, wallahi si wangu, ni wa Mjomba Abdulrahim, baba mkwe wako!

Hasina akavuta mtandio akajifunika uso. Kisha, bila kunitazama, akamwita daktari mwenzake, Elijah, akamwambia kuna mzee wa heshima anahitaji kupimwa na mwanamume. Kwangu kasema hilo lingefanyika tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza.

Mwanarusi kamleta baba yake alasiri. Hasina alikuwa ameshajiondoa upande ule wote.

Alhamisi, 21 Agosti

Ni saratani. Ndogo, bado haijachimba ukuta wa kibofu, na wameshaitoa kwa mrija ule ule. Mjomba atakuwa akirudi kutazamwa mara kwa mara. Leo kala uji akaomba samaki. Elijah kasema tungechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine.

Sasa nani aliyewahisha? Nimewauliza wote nyumbani. Mwanarusi kasema kilichowahisha ni mdomo wangu, si akili yangu. Vyote viwili vimo kichwani mwangu, kwa hiyo nimekubali.

Sifa zimeenea. Bi Jumwa, jirani, amekuja kunong'ona kwamba mumewe anakohoa tangu mfungo, na anaona aibu kuonekana kliniki ya kifua. Nimemtuliza. Kesho napeleka makohozi yake kwa jina langu.

Nimeulizia kwanza, mimi si mjinga. Kwa makohozi hakuna mrija.