Ombi la Kuhesabiwa Ng'ombe Tunapovuka Barabara

Noonkopir,
Kitengela.

Kwa Afisa Msimamizi wa Usalama Barabarani.

Mheshimiwa Afisa,

MINTARAFU: WANAFUNZI KUHESABIWA NG'OMBE WAKATI WA KUVUKA BARABARA

Pokea salamu zenye heshima kutoka kwa wanafunzi tunaoishi upande mmoja wa barabara na kusomea upande wa pili. Mimi ni Phylis Mulinge wa gredi ya nane, kiongozi wa kuvusha wadogo. Kazi yangu ni kuwashika mikono watoto wa gredi ya kwanza na kusema kwa sauti, "Kulia, kushoto, kulia tena." Ninasema vizuri. Shida ni kwamba tukimaliza kutazama kulia tena, kushoto huwa pameshabadilika.

Ninaandika kwa sababu ya mdogo wangu, Kalekye. Ana miaka sita na anaipenda shule, lakini akifika kando ya barabara huketi chini na kushika nyasi. Mama amesema kwamba madereva wasipojifunza kusimama kabla ya muhula ujao, atampeleka kwa nyanya yetu kule Mwingi, ambako nyumba na shule ziko upande mmoja. Mimi sitaki aende. Tunalala kitanda kimoja, na ndiye mtu pekee anayecheka insha zangu mahali panapofaa. Malalamiko yetu ni haya:

1. Hii si barua yangu ya kwanza kwa ofisi yako. Muhula huu ulipoanza niliandika kwamba kivuko kilichochorwa mbele ya shule kimefutika. Watu wote hukiita zebra, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam Nasike, hakubali tuchanganye Kiingereza katika barua rasmi. Kwa hivyo niliandika kwa Kiswahili sanifu: "Punda milia waliokuwa wamelala mbele ya shule yetu wamemalizwa na magari, na hakuna aliyechukua hatua." Kumbe ofisi yako ilipeleka barua hiyo kwa watu wa wanyamapori.

Walikuja haraka sana, wakiwa na gari la kijani na darubini. Mmoja wao aliniuliza, "Walikuwa wangapi?" Nikamwambia sikumbuki, lakini walikuwa wamepangwa vizuri. Akauliza, "Na mizoga iko wapi?" Nikamwonyesha lami. Akavua kofia.

Walipokuwa wakitafuta, walisimamisha magari pande zote mbili, nasi tukavuka polepole tukizungumza. Kalekye alivuka akiruka kamba. Kisha yule mwenye darubini akaelewa. "Kumbe ni rangi! Msichana, sisi ni watu wa wanyama." Wakaondoka, na magari nayo yakaondoka. Simlaumu mtu. Ninataja tu kwamba punda milia akikosekana, kuna anayekuja kumtafuta.

2. Kila asubuhi Moses, mchungaji (wa mifugo, si wa kanisa), huvusha ng'ombe wake karibu na shule wakati ule ule tunapotaka kuvuka sisi. Ng'ombe hao hawatazami kulia wala kushoto. Kuna mmoja ambaye husimama katikati na kufikiri. Magari yote humsubiri: malori ya simiti, mabasi ya kwenda Namanga, hata magari marefu meusi yenye vioo visivyoonyesha ndani. Hakuna anayepiga honi.

Nilimsalimia Moses kwa Kimaasai, "Supai," akaitika, "Ipa." Nikamuuliza siri yake ni nini. Akacheka na kuniita entito, yaani msichana. "Entito, ng'ombe iko na mwenyewe. Ukigonga hii, mimi nasimama hapa, ndugu zangu wote wanakuja, na wewe huendi Namanga leo. Sasa nyinyi watoto, mko na nani?"

Swali hilo nililibeba hadi nyumbani. Ndiyo sababu ninakuandikia wewe.

3. Sisemi kwamba hakuna askari. Afande Githongo yupo barabarani kila siku, na ni mtu mwenye adabu kubwa. Gari la abiria likipunguza mwendo, yeye na utingo hupeana mikono dirishani kwa upendo, kisha gari huenda zake bila hata kuulizwa taa zake zilienda wapi. Madam Nasike alitufundisha kwamba salamu hujenga urafiki, na kwa kweli umejengeka.

Juzi nilimwomba atusaidie kuvuka. Akanijibu kwa ukali, "Na kwa nini mnavukia hapa? Sheria inasema mvukie kwa zebra."

"Zebra iko wapi, afande?"

"Si mtafute!"

Mheshimiwa, tumeitafuta. Hata watu wenye darubini wameitafuta. Basi nikaona labda nilikosea kwa kuanza na ombi kabla ya salamu, nikamnyoshea mkono kama afanyavyo utingo. Aliupokea, akaugeuza kiganja juu, akautazama, akanirudishia.

4. Madereva nao wanapenda watoto. Magari mengi yana kibandiko kwenye kioo cha nyuma kinachoomba watu waendeshe polepole kwa kuwa ndani kuna mtoto. Tumekisoma sana kibandiko hicho, kwa sababu gari likishatupita kwa kasi ndicho kinachobaki kuonekana. Dereva mmoja alishusha kioo akatufokea, "Wee! Mnataka kufa, na vile nimechelewa?" Tuliomba msamaha. Mdogo wangu Kalekye alikuwa ameshaketi kwenye vumbi. Dakika hiyo hiyo ng'ombe wa Moses akasimama mbele ya gari lile kukojoa, na dereva akazima injini.

5. Kwa hivyo tunaomba tuandikishwe kuwa ng'ombe, kuanzia ukingo mmoja wa barabara hadi ule mwingine tu. Darasani tutaendelea kuwa watoto, ingawa mwalimu wa hisabati amesema hataona tofauti kubwa. Sare yetu ni ya kahawia, hivyo hakuna gharama. Kengele tutavaa shingoni. Gredi ya kwanza wahesabiwe ndama. Ikiwa ni lazima tupigwe chapa, tunaomba iwe ya wino, na ikiwa ni lazima tuoshwe kwa dawa ya kupe, tunaomba iwe Ijumaa baada ya mtihani. Moses amekubali kutuchunga, ila alininyoshea fimbo na kusema, "Hii moja inaongea sana. Nitaiuza sokoni Kiserian."

6. Dereva akimgonga mmoja wetu, tunaomba wazazi wetu wapewe heshima ile ile apewayo mwenye ng'ombe. Watu waje. Dereva asiendelee na safari siku hiyo. Na mtu aulize jina la aliyegongwa. Mwaka jana jirani yetu Katee alivunjwa mguu mbele ya shule, na hadi leo mahali hapo huitwa "pale gari nyeupe ilivunjikia taa."

7. Ombi hili likifaulu kwa wanafunzi, ninashauri liwafikie pia akina mama wauza mboga, wazee wanaotoka kanisani, na mwishowe kila mtu anayetembea kwa miguu Kitengela. Utasema kwamba mji utakuwa na ng'ombe wengi na watu wachache. Ni kweli, Mheshimiwa. Watakaobaki kuwa watu ni wale walio ndani ya magari, lakini sidhani ofisi yako italazimika kubadilisha utaratibu wake, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanya kazi hata sasa.

Nitashukuru sana nikijibiwa kabla ya shule kufungwa, maana Mama ameshateremsha sanduku kutoka juu ya kabati. Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo. Msalimie zaidi yule aliyepeleka barua yangu ya kwanza kwa watu wa wanyamapori, kwa kuwa ndiye pekee ninayejua aliisoma. Msalimie pia Afande Githongo, akipata mkono ulio wazi.

Ni mimi ninayesubiri kando ya barabara,

Phylis Mulinge,
Kiongozi wa Kuvusha Wadogo.

N.B. Mheshimiwa, tafadhali usilikubali ombi hili.

Barua ilikuwa bado mkobani leo asubuhi lori la mawe kutoka Kiserian liliposimama mbele yetu. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Dereva, mzee anayeitwa Nzau, alitoa kichwa dirishani akasema, "Piteni, watoto wangu, polepole tu." Madereva wa nyuma yake wakapiga honi sana, naye akawajibu kwa maneno ambayo Madam Nasike amenishauri nisiyaandike. Tukavuka sote.

Afande Githongo akaja mbio na kumwandikia kosa la kusimamisha gari mahali pasipo na kivuko.

Mzee Nzau akasema, "Lakini afande, si nilikuwa napitisha watoto?"

Afande akatazama barabara, mbele na nyuma. "Watoto gani? Mimi sioni mtoto hapa."

Nilikuwa bado ninatafuta maneno ya heshima ya kumjibu nilipohisi mkono wangu ni mtupu. Kalekye alikuwa ameshaondoka. Alirudi peke yake hadi kwenye lori, mkoba ukimpiga mgongoni, akasimama kati ya gurudumu na viatu vya afande. Akasema kwa sauti niliyoisikia upande wa pili, "Mtoto ni mimi."

Magari yote yalikuwa yamesimama.

Kesi ya Mzee Nzau itasikizwa Kajiado, na Kalekye ndiye shahidi wake. Nilimuuliza Madam Nasike kama shahidi anaweza kuwa ng'ombe. Akasema ng'ombe hawezi kuapishwa. Kwa hivyo inabidi tubaki watu, pamoja na hatari zake.

Mama amerudisha sanduku juu ya kabati. Anasema si vizuri shahidi awe Mwingi wakati anahitajika Kajiado, na kwamba tutazungumza tena kesi ikiisha. Nimesikia kwamba kesi za barabarani huahirishwa mara nyingi. Tunamwombea Mzee Nzau ashinde, Mheshimiwa, lakini asishinde upesi.