Habari za Kufumuliwa kwa Dirisha la Sebuleni

Sogeeni, enyi watu! Nyinyi mliolala chali sakafuni mkitafuta ubaridi wa saruji, nyinyi mliotumbukiza miguu kwenye beseni, na nyinyi mnaojipepea kwa mifuniko ya sufuria, sogeeni karibu, ila msigusane, maana joto ni kali na habari ni ndefu. Sisimulii majemadari waliovuka milima wala wafalme waliogombea mipaka. Hao wana waandishi wao. Mimi nasimulia dirisha moja la sebuleni, lenye mbao mbili na vioo sita, na mtu aliyepigana nalo. Nawe kumbukumbu yangu, uliyenifichia miwani yangu asubuhi hii, nisaidie angalau hapa, nisiruke jambo wala nisiongeze sana.

Shujaa wa habari hii ni baba yangu mzazi, fundi cherehani, Bwana wa Pedali, Mshika Chaki, Mwenye Futi Kamba Shingoni, aliyewavika watu wa mtaa wetu kwa miaka thelathini, tangu wakiwa wa kubebwa mpaka wakawa wa kubeba. Kila mtu humwita Fundi, hata mama akiwa na hasira. Na sifa yake iliyovuma kuliko zote ilikuwa hii: hakuwahi kufumua. Mteja akirudi na suruali inayombana, Fundi alimzunguka mara mbili, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, kisha akatoa hukumu: “Nguo imekaa. Wewe ndiye hujakaa.” Na mteja alikwenda zake akijaribu kukaa. Hata mama yake mzazi, yaani bibi yetu, alishonewa gauni likambana kwapani, naye akaambiwa, kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi, kwamba gauni halina kosa, mwili ndio umebadilika.

Jueni basi kwamba kila kiangazi, shule zikifungwa, ukoo wetu hukusanyika nyumbani kwa Fundi wiki mbili nzima, kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa nyumba ile ndimo walimozaliwa wote. Asubuhi huwa ni raha tupu. Wanawake huchambua mboga barazani na kuchambua watu pia, watoto humwagiana maji uani mpaka mmoja alie, wanaume hucheza karata na kuibiana. Lakini ikigonga saa saba jua huliteka baraza, bati huanza kulia juu ya vichwa, na majeshi yote hurudi nyuma mpaka sebuleni: watu kumi na wanne na feni moja. Feni hiyo huzungusha shingo polepole, ikampa kila mtu upepo wa kuhesabu moja hadi nne, kisha ikamwacha na matumaini yake. Nimewaona kwa macho yangu ndugu wa tumbo moja wakiifuata na viti.

Dirisha lilikuwapo, kubwa, tena limeelekea kule upepo unakotoka. Lakini mwaka uliotangulia, siku mbili kabla ya wageni kufika, Fundi alikataa kumwita mpaka rangi. Alisema mtu aliyeishika sindano miaka yote hiyo hawezi kusumbuliwa na brashi. Akalipaka rangi ya mafuta, ya kijani, mara tatu, likiwa limefungwa. Alipaka mbao, akapaka fremu, akapaka bawaba na komeo. Na pale mbao inapokutana na fremu, pale ambapo mpaka rangi yeyote angeacha mwanya, yeye aliona upenyo, na fundi cherehani akiona upenyo mkono wake huwasha. Akauziba wote, kuanzia juu mpaka chini.

Rangi ilipokauka, dirisha na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Fundi alilisukuma mara moja, kwa siri, asijue kwamba mimi binti yake wa pili nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alipogeuka akaniona, alijikohoza, akatangaza: “Hili ni dirisha la mwanga. Si la upepo.” Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Mama aliifuata kwa kuchoka, sisi tuliifuata kwa adabu, na mtoto wa dada yangu alizaliwa akaikuta ipo.

Adui akaja siku ya nne ya mkutano, saa nane mchana, wakati feni ilipokuwa imewageukia watu wa upande wa kabati.

Alikuwa Baba Mdogo, ndugu wa pekee wa Fundi, Mwenye Kiyoyozi, Mzungusha Funguo za Gari, mtu wa ofisini anayetembea na leso iliyopigwa pasi. Alisimama katikati ya sebule, akajifuta shingo kwa madaha, akatazama dirisha, akatazama watu, akahutubia.

“Kaka, mimi sina neno. Nyumba ni yako na joto ni lako. Lakini mama ni wetu sote. Kwangu ukiwasha kiyoyozi, dakika kumi tu unaomba shuka. Kwa hiyo mama aje kwangu leo. Na kwa kuwa bila mama hakuna mkutano, basi mkutano wenyewe uje kwangu, mwaka huu na miaka yote. Viti ninavyo, tena vipya.”

Bibi alikuwa amejilaza kwenye kochi na kitambaa kilicholowa kichwani. Akaketi, akavuta mkoba wake uliokuwa chini ya miguu, akauweka mapajani.

“Naenda,” akasema. “Fundi, mwanangu, nakupenda. Lakini naiva.”

Nilimwona baba yangu akiutazama ule mkoba. Mimi humcheka sana, hilo nakiri, na nimemcheka tangu mwanzo wa habari hii. Ila siku ile nilimwonea huruma. Kila mtu mle ndani, hata wale wenye nyumba zao, akisema “nyumbani” alikuwa na maana ya sebule ile. Mkutano ukihama, Baba angebaki na viti vingi na watu wawili.

Akasimama. Futi kamba ikamning'inia kifuani kama nishani.

“Dirisha litafunguka!” akanguruma. Watu wakatazamana, maana sheria ya nyumba ilikuwa imevunjwa na aliyeitunga. “Mbao tu zimevimba kwa joto. Seremala aliyezichonga hakuwa mtu makini.”

Seremala aliyezichonga alikuwa babu yangu, marehemu mume wa Bibi. Bibi alikohoa kidogo tu.

Wa kwanza kuingia vitani akawa mume wa dada yangu, kijana mnyanyua vyuma tuliyempa jina la Mabega, ambaye tangu aoe alikuwa akitafuta nafasi ya kumpendeza mkwewe. “Baba, niachie mimi,” akasema, akavua saa, akavua fulana, akapumua mara tatu ili sote tuone namna anavyopumua. Kisha akalivamia dirisha kwa bega. Nyumba ikatikisika. Kalenda ikadondoka, mtoto akaamka akilia, paka akatoka kwa mlango wa jikoni na hakuonekana mpaka kesho yake. Dirisha halikusema hata ah. Mabega alirudi kwenye kiti chake ameshika bega, mkewe akampepea kwa upole na aibu.

Wa pili akawa mama yangu, Malkia wa Jiko, aliyekuja na mchi alioufunga taulo kichwani usije ukavunja vioo. “Ondokeni hapo,” akasema. “Nimeishi na mwenye dirisha miaka thelathini. Kama kuna mtu anajua pa kugonga, ni mimi.” Akagonga juu, akagonga chini, akagonga kwenye komeo, na kila pigo alilisindikiza na neno moja lililomhusu zaidi mume kuliko dirisha. Rangi haikupata hata mkwaruzo. Lazima nimpe Fundi haki yake: alipopaka, alipaka.

 Feni ikageuka, ikatazama upande wa Baba Mdogo, ikabaki huko kana kwamba nayo imeshahama. Funguo za gari zikaanza kuzunguka kidoleni mwake, chwi, chwi, chwi.

“Mama, twende zetu,” akasema.

Bibi akainuka, lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani na mkoba wake, akapitisha kidole pale mbao ilipokutana na fremu.

“Fundi.”

“Naam, mama.”

“Hili dirisha ulikuwa unalifungua mwenyewe ukiwa na miaka mitano. Unapanda kigoda, unalisukuma kwa mkono mmoja, mkono mwingine una muwa. Leo watu wazima wanatoka jasho. Nani kalishona?”

 Nawaapia, nimewahi kumwona baba yangu akibishana na mteja mwenye kitambi juu ya tumbo la mteja mwenyewe, na akashinda. Nilijua majibu yote aliyonayo. Nilimwona akiyapitia moja baada ya jingine: joto, mbao, seremala, brashi, kampuni ya rangi. Akafungua mdomo, akamtazama mama yake na ule mkoba, akaufunga.

“Mimi,” akasema.

“Ehe.”

“Nililipaka likiwa limefungwa. Nikaziba pasipozibwa.” Akajifuta uso kwa futi kamba. “Nimekosea, mama.”

Mama yangu alishika mchi kwa mikono miwili asianguke.

“Haya,” akasema Bibi. “Na mshono ukikosewa, huwa unafanyaje?”

“Sijui,” akajibu Fundi, na kwa kweli alikuwa anasema ukweli. Kisha akafikiri. “Nadhani huwa unafumuliwa.”

Akaenda kwenye cherehani yake iliyokaa pembeni, akavuta kidroo, akatoa wembe mpya ambao bado ulikuwa na karatasi yake. Na hapa, enyi wasikilizaji, kaeni vizuri, maana silaha kubwa zilikuwa zimeshindwa, na sasa vita vilikabidhiwa kipande cha chuma chepesi kuliko barua. Fundi alipiga magoti. Aliweka ncha ya wembe kwenye pembe ya chini, akaufuata ule mstari taratibu, mkono hautetemeki, kama anayefumua pindo la hariri la bibi harusi. Rangi ya kijani ikaanza kutoka, utepe mwembamba, mrefu, ukijikunja juu ya goti lake. Akamaliza upande wa kulia. Wembe wa kwanza ukavunjika. Akatoa wa pili. Akapanda kigoda, akafumua juu. Akashuka, akafumua kushoto, akachokonoa bawaba, akazungushia komeo. Watoto wakaacha kugombana. Baba Mdogo mwenyewe akasogea, akasahau funguo, akaanza kuokota vipande vya rangi sakafuni na kuvitia kwenye leso yake safi.

“Kaka, hapo bado, hapo pembeni,” akanong'ona.

“Napaona,” akanong'ona Fundi.

Ilipotimia saa tisa na robo, shujaa wetu aliweka wembe chini, akainua vidole viwili, viwili tu, akasukuma.

Kwaa!

Upepo ukaingia. Uliingia na harufu ya sabuni ya nguo za jirani, ukainua pazia, ukafunua kurasa za kalenda pale sakafuni mpaka mwezi wa tisa, ukapita juu ya vichwa kumi na vinne bila kuhesabu wala kubagua. Mtu mmoja akasema “Aaah,” na wote tukaitikia. Mama akaizima feni. Mabega akapiga makofi kwa mkono wake mzima, na ukoo ukamshangilia Fundi kana kwamba ameikomboa nchi.

Baba yangu hakujibu shangwe. Alikuwa anamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameketi tena kwenye kochi na kuufungua mkoba wake. Akatoa humo gauni. Ndilo lile gauni.

“Kwapani hapa,” akasema. “Mwaka mzima nikitaka kumpungia mtu mkono, naishia kwenye sikio.”

Fundi alilipokea. Akaligeuza ndani nje, akatazama kwapa la kulia, akatazama la kushoto, akafumba jicho moja kwa mazoea, kisha akalifumbua.

“Nilikata vibaya,” akasema, akaokota wembe.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msiokuwa nazo mkaririe: ukoo wetu una miaka ya kabla ya dirisha na miaka ya baada ya dirisha, na habari za kufumua zilipofika mtaani, asubuhi yake kulikuwa na watu tisa barazani na suruali mikononi. Lakini siku ile ile, jua lilipopungua, Baba Mdogo aliondoka peke yake na leso yake yenye rangi. Alipowasha gari akainua macho. Bibi alikuwa amesimama dirishani na gauni lake, akainua mkono wote, mpaka juu kabisa, akampungia.