Ishara Kumi na Moja na Kikombe

Jumatatu, 4 Machi
Jarida la shule litachapa shairi moja tu kutoka darasa letu. Moja! Miaka miwili mfululizo limekuwa la Kamusi, jirani yangu wa dawati, anayejua kila neno. Mwaka huu hapana. Mwalimu wa fasihi amesema shairi bila ishara ni chumba bila dirisha. Sawa. Langu litakuwa madirisha matupu.

Jumanne, 5 Machi
Nimefikisha ishara kumi na moja: mshumaa, daraja, kioo, kunguru, funguo mbili (mmoja una kutu)... Maana zake nitazitafuta baadaye. Ubeti wa mwisho ukanishinda. Nikatazama rafu ya jikoni, nikaandika kikombe cha baba. Alifariki mwaka juzi, lakini mama bado hukiosha kila asubuhi na kukifudikiza. Hakuna anayekinywea. Si ishara, ni kikombe tu. Ila mizani imetimia.

Jumatano, 6 Machi
Aibu! Nimesoma mbele ya darasa kwa sauti ya mbu. Ubeti wa kwanza tu, Kamusi akauliza kunguru ana maana gani. Nikasema kifo. Na mshumaa? Kifo. Daraja je? Nikasema nalo ni kifo, ila cha polepole. Kamusi akasema basi hilo si shairi, ni makaburi. Vicheko! Nilipofika kwenye kikombe wakanyamaza wote. Nadhani walichoka.

Alhamisi, 7 Machi
Langu limechaguliwa! Kisha nikaona kalamu nyekundu. Beti tano zimefutwa, kimebaki kikombe. Nikamwambia mwalimu, kwa heshima, kwamba amefuta ishara zote. Akasema hapana, mwanangu, amebakiza ile iliyokuwapo. Sijamwelewa. Kamusi akaja kuniuliza taratibu kama kikombe ni cha kweli. Nikakubali. Akasema kwao kuna kiti kisichokaliwa. Anataka kuniibia mbinu, huyo.
Jioni mama amelisoma. Akakunja karatasi, akaingia jikoni. Nimemuudhi?

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi mama amenimiminia chai kwenye kikombe cha baba. Akasema ninywe, isipoe. Macho yake mekundu. Moshi wa jiko, bila shaka. Mkono wa kikombe umevunjika, kinaunguza, inabidi ukikumbatie kwa viganja vyote viwili. Kumbe ndiyo maana baba alikuwa akikishika vile. Hilo sikuliandika popote. Halina ishara.
Shairi la mwakani nimeshalianza: vikombe kumi na viwili, birika, sufuria nne na chujio. Kamusi atakoma!