Malalamiko Dhidi ya Kompyuta Isiyoitikia Salamu

Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Mafundi.

Salaam nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote mnaotutengenezea gazeti letu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la kushoto la mke wangu, ambalo limezoea kulalamika bila kufuata utaratibu. Mimi nitaufuata.

KUHUSU: KOMPYUTA NDOGO ISIYO NA KIBODI WALA ADABU

Mimi ni karani mkuu wa masjala, mstaafu. Kwa faida ya wasomaji vijana, masjala ni chumba ambamo kila barua inayoingia ofisini hupokelewa, hugongwa muhuri, hupewa namba na kutiwa kwenye jalada lake. Katika utumishi wangu wote hakuna barua iliyowahi kupotea mikononi mwangu, na ile moja inayosemwa ilipotea mikononi mwa mhasibu.

Binti yangu, anayeishi ng'ambo na mumewe, alijifungua mtoto wa kike miezi kadhaa iliyopita. Ni mjukuu wangu wa kwanza. Kwa kuwa simu yangu ni ile ya tochi, ya kupiga, kupokea na kusoma meseji tu, binti alimkabidhi msafiri kompyuta ndogo atuletee. Ukubwa wake ni kama kibiriti kilichonenepa. Ukiichomeka nyuma ya televisheni na kuiunganisha na waifai, picha za mtoto zinakuja zenyewe sebuleni kila zikitumwa. Waifai tulishafungiwa. Kilichobaki, alisema binti, ni kuitambulisha kompyuta kwa waifai. Kibodi haina, lakini hilo lisinisumbue, maana gazeti lenu limekwisha kueleza kila kitu.

Ndipo nikasoma makala ya mwandishi wenu anayejiita Fundi Waya, yenye kichwa "Mistari Miwili Tu". Anasema chukua memori kadi ya kompyuta ndogo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, andika humo faili dogo lenye jina la mtandao wako na neno la siri, rudisha kadi, washa umeme. Kompyuta itaamka, itasoma, itaingia mtandaoni. Mistari miwili tu, Ndugu Mhariri. Naomba sasa nikuorodheshee yaliyonipata.

1. Ili uitumie kompyuta isiyo na kibodi, lazima uwe na kompyuta yenye kibodi. Nimelisoma sharti hili mara nyingi nikidhani ni kosa la uchapaji. Ni sawa na kumwambia mtu asiye na ngazi apande darini akachukue ngazi. Imenibidi nimwendee fundi picha, mwenye studio chini ya nyumba yetu, anayepiga picha za pasipoti, kwa kuwa ana kompyuta mpakato yenye tundu la kadi. Huyu ni jirani yetu wa miaka mingi, na desturi yake ni kunisalimia kwa kidevu. Anakiinua kidogo, anakishusha, basi, salamu imekwisha. Kwenda kumwomba msaada mtu wa namna hiyo si jambo dogo, na Fundi Waya hakulitaja.

2. Kompyuta hii haipokei salamu. Fundi Waya anasema faili lile huandikwa ili kompyuta ilisome. Kwetu masjala, maandishi anayoandikiwa mtu ayasome huitwa barua, na barua ina mwanzo wake. Basi niliandika hivi: "Kwa mgeni wetu mpendwa. Baada ya salamu nyingi, natumaini hujambo na safari ilikuwa njema. Sisi ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako uliyeko kabatini. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba jina la mtandao wetu ni lifuatalo, na neno la siri ni hili, nakuomba ulitunze." Fundi picha aliisoma, akakuna kichwa, akaniambia, "Mzee, hii mashine haitaki mambo mengi." Nikamjibu kwamba hata yeye hayataki, na tazama alivyo.

Tukairudisha kadi, nikapanda nayo nyumbani, tukawasha. Taa nyekundu ikawaka, ya kijani ikapepesa kidogo, kisha kimya. Televisheni ikabaki nyeusi. Kitu pekee tulichokiona ndani yake ni sisi wenyewe, mimi na mke wangu, tumekaa kwenye kochi, tumevaa nguo za kutokea.

3. Inasoma barua, inaifuta, na haijibu. Tuliporudisha kadi studio, faili halikuwemo. Fundi picha anasema ndivyo ilivyoundwa, ikishasoma huyaweka yaliyomo kichwani na faili hulitupa. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wa tabia hiyo, lakini wao angalau walikuwa wakikohoa, ukajua wapo. Niliandika barua ya pili nikaitia namba ya kumbukumbu. Niliandika ya tatu yenye kichwa "Kumbusho", na nyingine baada yake, "Kumbusho la Mwisho", nakala kwa televisheni. Zote zimemezwa.

4. Inataka kuambiwa iko nchi gani. Fundi picha aligundua kwamba chini kabisa ya makala, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, Fundi Waya ameongeza mstari mwingine. Inatakiwa pia uandike herufi mbili za nchi yako, kwa sababu kompyuta haifungui redio yake mpaka ijue sheria za mahali ilipo. Kwanza, huo ni mstari wa tatu. Pili, mgeni amekaa juu ya kabati langu, juu ya kitambaa alichokifuma mke wangu kwa mkono wake, anakula umeme wangu, halafu mimi mwenyeji ndiye ninayeulizwa hapa ni wapi! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu imepita zamani, na jembe hana hata mkono wa kulishikia. Hata hivyo herufi niliziandika, chini ya salamu.

5. Haisikii vizuri. Kisanduku chetu cha intaneti hutoa mawimbi ya aina mbili, ya kasi na ya kizamani, na kompyuta hii inasikia ya kizamani tu. Hapo kidogo niliipenda. Sina la kuongeza katika namba hii.

6. Imenigombanisha na nyumba yangu. Nilimpigia binti simu kumweleza. Akasema, "Baba jamani, toa hizo salamu! Andika jina na neno la siri, basi." Huyu ni mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuandika barua, akiwa amekalia majalada ili aifikie meza. Siku hizi ananiandikia "poa" kwa kidole gumba na kudhani amenijibu. Nilimwambia kwamba chombo kitakachoniletea mjukuu wangu siwezi kuanza kujuana nacho kwa kukirushia neno la siri usoni. Kisha akasema mtoto ameota jino.

Mke wangu, kwa upande wake, mtoto amekwisha kumwona. Alishuka studio, picha ikatumwa kwenye simu ya fundi picha, akarudi akipanda ngazi kama hajawahi kuwa na goti. Anasema mtoto ana paji langu la uso. Fundi picha akajitolea kunionyesha na mimi. Nikakataa. Mjukuu wa kwanza haonwi kwa kuazima, kwenye kioo chenye ufa, katikati ya watu wanaosubiri picha za pasipoti. Ataingia kwa mlango wa sebule yangu kama mtu wa nyumba hii. Ndivyo nilivyosema, tena mbele ya watu, na sasa siwezi kurudi nyuma, na mtoto anazidi kukua huku mimi natazama taa nyekundu. Naumia, Ndugu Mhariri. Nalisema waziwazi ili usidhani ni suala la ufundi tu.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote:

(a) Fundi Waya aje mwenyewe. Apige hodi, akaribishwe, aulizwe habari za kwake, anywe chai, ndipo atuonyeshe ni mistari gani hiyo miwili.

(b) Gazeti lichapishe masahihisho yasemayo: "Mistari miwili, baada ya salamu."

(c) Ipigwe marufuku kuuza chombo chochote kinachosoma bila kuitikia. Mashine ya benki hukukaribisha kwa maandishi, hata siku ambayo haina cha kukupa. Lifti ya jengo lile refu la bima inakwambia karibu kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri, na kazi yake ni kupanda na kushuka tu, shule haijasoma. Kompyuta inashindwa nini?

(d) Marufuku hiyo ikishazoeleka kwa vyombo, ihamie kwa binadamu, ianzie kwa wanaosalimia kwa kidevu. Wapewe muda wa kujirekebisha. Wasiojirekebisha wachomolewe kwenye umeme.

Nitashukuru ombi langu likifikiriwa mapema. Naomba unisalimie wahariri wenzako, wasoma prufu, dereva wa gari la magazeti, mlinzi wa getini na mama anayewachemshia chai. Msalimie na Fundi Waya. Nitajua salamu zimemfika kwa jinsi atakavyonyamaza.

Wako katika kuulinda utaratibu,

Karani Mkuu wa Masjala (Mstaafu)

Tanbihi:

Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Alipofika namba ya pili aliniuliza jina la mtandao wetu alilitunga nani. Nikamwambia halikutungwa na mtu, ni lile lililobandikwa chini ya kisanduku, herufi na tarakimu zisizo na baba wala mama. Akauliza, je, jina lenyewe likiwa ndiyo salamu? Nilinyamaza kama kompyuta. Akaniacha hapo hapo, akashuka studio.

Fundi picha amebadilisha kila kitu. Mtandao wetu sasa unaitwa Shikamoo Babu. Neno la siri ni Marahaba mjukuu wangu hujambo. Yameandikwa kwenye faili hivyo hivyo, mstari wa kwanza na mstari wa pili, pamoja na zile herufi za nchi, na mimi sikuongeza hata nukta. Ni kweli kwamba kompyuta inasalimia na kujiitikia yenyewe, lakini hilo nimelisamehe. Taa ya kijani ilipepesa kidogo, nikasema yale yale. Ikaendelea kupepesa.

Fundi picha ameniomba na yeye aunganishwe. Imembidi aichague Shikamoo Babu kwenye simu yake, halafu aandike jibu lote, herufi kwa herufi, na kidevu hakikumsaidia.

Paji la uso ni langu kweli. Jino lipo, la chini, limekaa upande. Mjukuu alipotokea kwenye televisheni niliinuka kwenye kochi nikaitikia "Marahaba!" kwa sauti, na mtoto mwenyewe bado hajui kusema. Mke wangu alicheka mpaka akashika goti. Mimi nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Kwa hiyo malalamiko nayaondoa, ya kwanza hadi ya sita, pamoja na maombi yote, isipokuwa chai ya Fundi Waya, ambayo ipo wakati wowote. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu stempu nimekwisha kuibandika. Isome, uifute, na usijibu.